Sensa Tano Ndani ya Bomba

"Itie na hiyo humo humo, fundi, tumalize," Mangi aliniambia, na mimi nikaitia. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jibu moja tu katika miaka yote niliyofunga na kufungua matairi pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo, ningerudi hapo na kusema hapana. Nilikuwa nimeshika koleo mkono mmoja na sensa ya tano mkono wa pili, nikijua vizuri ninachoombwa. Sikudanganywa wala sikulazimishwa. Nilikuwa nimechoka, kichwa kimevurugika, na gari lile lilikuwa linakwenda kuendeshwa na mwanangu Idrisa.

Vijana wangu, siku ya kustaafu mliniaga kwa soda na keki, mkasema, mzee tuandikie unayoyajua kuhusu hizi taa za upepo wa matairi, kwa kuwa sasa mnaletewa magari yenye vitu hivyo kila siku. Nimekaa kibarazani hapa Buguruni nikajaribu kuandika kwa mpangilio. Mtaona wenyewe kwamba mpangilio unanishinda mahali fulani. Ni mahali pale pale unaponishinda kila siku, hata nisipokuwa na kalamu.

Nilikuja Gerezani na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kuniomba nikionyeshe. Aliyenipokea ni Mzee Kibwana, mtu mfupi, mwenye vidole vinene kama ndizi mkono wa tembo, ambaye hakupenda maswali kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya kwanza hakunipa spana wala jeki. Alinipa mpini wa shoka usiokuwa na shoka, akanielekeza kwenye pikapu iliyokuwa imetoka Bandarini na mzigo wa vigae.

"Gonga matairi," akasema. "Sikiliza."

Nikagonga. Tairi lenye upepo wa kutosha hujibu kwa sauti kavu, na mpini unakurudia mkononi. Lililopungukiwa hujibu kizito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikazunguka pikapu yote, nikarudi na kumwambia yapo sawa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Tairi la spea umeligonga saa ngapi?"

Sikuwa nimeligonga. Nililala chini ya pikapu, nikaligonga, likajibu kama godoro. Mzee Kibwana akanirudisha mwanzo, na tangu siku hiyo akataka nianze na spea kabla ya tairi jingine lolote. Alisema ndilo tairi ambalo hakuna anayeliangalia, mpaka siku linapotakiwa, na siku hiyo wote wanaliangalia kwa pamoja. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Wateja walidhani ni ushirikina wangu.

Kifaa kingine alichonifundisha ni geji ya upepo. Alikuwa na moja ya shaba, nyembamba kama kalamu, aliyoibeba kwenye mfuko wa shati hata siku ya Ijumaa. Alisema kila geji ina uongo wake, na kazi ya fundi ni kuujua uongo wa geji yake. Ya kwake ilizidisha kidogo. Ya kituo cha mafuta cha jirani ilikuwa inasema chochote kilichokuja akilini mwake. Pia alinifundisha kupima tairi likiwa limepoa, kabla gari halijatembea, na kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si yale maandishi ya ubavuni mwa tairi ambayo ni kikomo cha tairi lenyewe. Mpaka leo nusu ya mji huu inafuata ya ubavuni. Sijui nani aliwaambia.

Mzee Kibwana alipozeeka aliniachia ile geji na ule mpini, akarudi kwao Kisarawe. Baada yake ndipo zikaja hizi taa.

Gari la kwanza lililonichanganya lililetwa na mama mmoja wa ofisini. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya njano, umbo la sufuria isiyo na mfuniko, ndani yake alama ya mshangao. Nilipima matairi, moja lilikuwa limepungua, nikalijaza. Taa ikabaki. Nikapunguza upepo, nikaongeza, nikapunguza tena. Taa ikabaki. Mama wa watu akaondoka kwa hasira, akazunguka Mnazi Mmoja, akarudi akitabasamu kwamba imezima. Nilipokea sifa zote. Kesho yake asubuhi ikawaka, akarudi, na sifa akazichukua.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa, na baadhi ya mambo sijayaelewa bado, lakini haya nina hakika nayo. Mifumo hii ni ya aina mbili. Ya kwanza haipimi upepo hata kidogo. Inahesabu mizunguko ya magurudumu kwa kutumia vile vile vifaa vya breki. Tairi lililopungukiwa upepo linakuwa dogo kidogo barabarani, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inashtuka. Kwenye mfumo huu, ukishajaza upepo lazima ubonyeze kitufe ili gari lijifunze upya, vinginevyo litaendelea kulinganisha na jana. Na matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, mara nyingi halioni kitu, kwa sababu halina tairi zima la kulinganishia.

Aina ya pili ina sensa ndani ya kila gurudumu, imefungwa kwenye shina la valvu. Hii niliigundua kwa kuivunja. Niliweka liva, ile nondo ya kufungulia tairi, upande wa valvu, nikakandamiza, nikasikia kitu kimekatika, na kidude cha plastiki kikubwa kuliko kidole gumba kikadondoka ndani ya rimu. Nilidhani ni uchafu wa kiwandani, nikakitupa. Mwenye gari alinielimisha kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Kwa hiyo anzeni kila mara upande wa mbali na valvu, na mkiona valvu ya chuma badala ya ya mpira, jueni ndani kuna mtu. Msitie gundi ya kuziba pancha ya kwenye kopo, inaziba tundu la kupimia.

Sensa hiyo ina betri ndogo iliyofungwa ndani kabisa. Haibadilishwi, ikifa unabadilisha sensa nzima. Inapima upepo na joto, kisha inatuma habari kwa mawimbi ya redio. Asubuhi tairi likiwa baridi kipimo kinashuka kidogo, mchana kinapanda, ndiyo maana taa ya yule mama ilikuwa na tabia ya mgeni wa asubuhi: tairi lake lilikuwa mpakani. Nyingine zinangoja gari litembee ndipo zizungumze. Na ukinunua sensa iliyotengenezwa kwa soko jingine, inaweza kuwa inatuma vizuri tu lakini gari halisikii, kama redio iliyowekwa kwenye stesheni isiyo yake. Nilipomweleza jirani yangu fundi wa viatu kwamba gari lina sensa, aliniuliza kama zitahesabu na watoto.

Sasa nimefika kwa Mangi.

Jina lake ni Shirima, mtu wa Kilimanjaro, mwenye duka la jumla la pampu na mabomba ya maji Kariakoo. Mangi tulimwita kama tunavyowaita wenzake wote wenye maduka, naye aliitika. Tulikunywa kahawa pamoja kila asubuhi kwenye benchi la nje ya duka lake, yeye akinitania kwamba sisi wa pwani tunafungua kazi kahawa ikiisha, mimi nikimwambia wao wanafunga duka siku moja tu kwa mwaka, na siku hiyo wanakwenda kuhesabu migomba. Nilimwombea Idrisa kazi ya udereva kwake, akampokea siku hiyo hiyo.

Idrisa nilimfundisha gari mwenyewe. Hapa ndipo ninapojishangaa. Sikumpa mpini. Nilikuwa nimekwishaanza kujiona fundi wa kisasa, nina kifaa cha kusomea sensa, nina soketi za umeme. Gari la Mangi lilikuwa kubwa, la viti saba, lenye mfumo wa sensa. Nikamwonyesha Idrisa ile sufuria ya njano kwenye dashibodi. "Hii ikiwaka, simama popote ulipo. Isipowaka, nenda." Akauliza, "Basi, baba?" Nikamjibu, basi. Alikuwa mtoto mtiifu, na akiwa mtu mzima alibaki hivyo. Kila asubuhi kabla ya kutoka aliwasha swichi, akaangalia dashibodi, ndipo akaondoka.

Ikafika Desemba. Mangi alikuwa anajiandaa kwenda Moshi kwa Krismasi kama kawaida yao, na safari hii alikuwa anampeleka mama yake mzazi aliyekuja Dar kutibiwa macho. Taa ikaanza kuwaka, na kila ilipowaka gari lililia mlio mkali. Yule bibi akisikia mlio alikuwa anapiga ishara ya msalaba na kuanza sala upya tangu mwanzo.

"Fundi, mama yangu atafika Moshi akiwa ameshakuwa mtakatifu," Mangi aliniambia. "Zima hiyo kitu."

Nilipima matairi manne. Yako sawa kabisa kwa kibandiko cha mlangoni. Nikapima kwa geji ya shaba, nikapima kwa ya duka. Sawa. Nikabadilisha nafasi za magurudumu, la mbele nyuma, la nyuma mbele. Taa. Nikatembeza gari hadi Buguruni na kurudi ili sensa ziamke. Taa na mlio. Nikaunganisha kifaa changu, kikaniambia gari lina sensa tano. Nikahesabu magurudumu kwa kidole kama mtoto wa chekechea: manne. Nikahesabu tena. Nikasema kifaa hiki ni cha bei rahisi, kimechanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ndiye aliyekuwa ameshika kifaa.

Siku ya pili Mangi akaja na simu mkononi.

"Mzee Rajabu, ona huyu Mzungu. Anatoa sensa zote kwenye matairi, anazitia kwenye bomba, anajaza upepo, analifunga. Gari linadhani matairi yamejaa milele. Na bomba tunalo, hilo ndilo ninalouza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekwishachagua kipande cha bomba nene la plastiki dukani kwake, na vifuniko vyake, kimoja cha gundi na kingine cha kuzungusha chenye mpira ili kisivuje. Bomba zuri kwa kweli.

"Na Idrisa usimwambie," aliongeza. "Dereva akijua taa haifanyi kazi anakuwa mwoga, kila kituo cha mafuta anasimama kupima upepo. Tutafika Moshi Pasaka."

Nilikuwa nimeshindwa kazi yangu siku mbili mfululizo mbele ya mtu ninayekunywa naye kahawa. Nadhani hiyo ndiyo sababu. Nasema nadhani, kwa sababu nimeitafuta sababu kubwa zaidi na sijaipata. Nilifungua matairi manne, nikatoa sensa, nikaweka valvu za mpira mahali pake. Nikatoboa kifuniko kimoja cha bomba, nikapachika valvu, nikazitia sensa nne, nikafunga, nikajaza upepo kwa kipimo cha mlangoni. Bomba likaingia chini ya kiti cha nyuma. Tukawasha gari.

Taa ikawaka. Mlio ukalia.

Niliketi chini, mgongo kwenye ukuta, nyuma ya gari. Sikuwa nafikiri chochote. Macho yangu yalikuwa usawa wa bampa, na chini yake, gizani, limening'inia kwa mnyororo, nililiona tairi la spea. Sauti ya Mzee Kibwana ikaja masikioni kama yuko pale: tairi la spea umeligonga saa ngapi?

Nililiteremsha. Lilikuwa na valvu ya chuma, inang'aa, haijawahi kuguswa. Lilikuwa halina upepo. Kampira kadogo kwenye shina la valvu kalikuwa kamechakaa, upepo unatoka taratibu. Nikalifungua, nikaitoa sensa yake. Sensa ya tano ilikuwa imekaa humo muda wote ule ikipiga kelele ya kweli, na mimi nilikuwa nimezing'oa zile nne zisizokuwa na kosa. Katika mkasa huu wote, hiyo ndiyo dakika pekee ambayo kichwa changu kilikuwa kimetulia. Nilielewa kila kitu.

"Kumbe ilikuwa hiyo tu?" Mangi akauliza.

"Hiyo tu. Ngoja nibadilishe kampira haka, nizirudishe hizi nne kwenye matairi yake. Taa itazima yenyewe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni. Nifungue matairi yote upya."

"Fundi, mama amekaa mlangoni na mabegi yake tangu asubuhi. Tukichelewa tunalala njiani. Itie na hiyo humo humo, tumalize. Januari nikirudi utazirudisha zote."

Nikazungusha kifuniko, nikaitia, nikafunga, nikajaza upepo. Spea nikaliwekea valvu ya mpira na upepo wa kutosha, nikalipandisha. Tukawasha. Dashibodi ikawa safi kama ya gari jipya. Kwa nini ilikubali sensa zilizolala kwenye bomba, zisizozunguka, wakati nyingine huwa zinanyamaza gurudumu likisimama, sijui hadi leo. Ingekataa, nisingekuwa na haya ya kuwaandikia.

Idrisa akaja kutoka dukani alikokuwa akipakia mizigo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaingia, akawasha swichi, akainama kuangalia. "Imezima! Ilikuwa nini?"

Mangi alikuwa amesimama nyuma yake. Hakufanya ishara yoyote, aliangalia saa yake tu.

"Nimeitengeneza," nikasema.

"Kwa hiyo isipowaka niko sawa?"

"Uko sawa."

"Poa, baba. Tukifika nakupigia." Akanipigia honi mbili kwenye kona ya Msimbazi, kama alivyozoea.

Aliyenipigia alikuwa Mangi, na alikuwa anahema. Walikuwa wamepita Segera. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeokota msumari mahali fulani, pengine hapa hapa mjini, likapungukiwa upepo kidogo kidogo. Tairi la namna hiyo linakunjika ubavu kila mzunguko, linapata joto, na lenye mzigo juu yake kwenye jua la Desemba halidumu. Sensa yake ingeliona mapema, pengine kabla ya Chalinze. Likapasuka, gari likatoka barabarani na kulala ubavu. Bibi alitoka na michubuko. Mangi alivunjika mfupa wa bega. Mguu wa kushoto wa Idrisa ulibanwa, na hospitali wakaukata chini ya goti.

Mangi alinisimulia baadaye kwamba walipokuwa wanamtoa Idrisa swichi ilikuwa bado inawaka, na kwenye dashibodi kulikuwa na taa za kila aina, za injini, za mifuko ya hewa ya usalama, za milango. Ile ya matairi haikuwaka. Bomba lilikutwa chini ya kiti likiwa zima na upepo wake wote.

Askari waliandika kwamba dereva hakukagua matairi. Idrisa hakubisha. Aliporudi hapa nyumbani na mkewe na mtoto, kitanda chake tulikiweka chumba cha mbele, na kila nilipokaa karibu naye aliniuliza jambo lile lile.

"Baba, ile taa. Kwa nini haikuwaka?"

Nilimwambia pengine betri ya sensa ilikuwa imekwisha. Akafikiri, akasema betri ikiisha si taa inapepesa kwanza? Nilikusikia ukiwaambia wateja. Nikamwambia pengine mawimbi yaliingiliwa na kitu. Akaomba nimletee kitabu cha gari. Alikisoma amelala, anarudia kurasa, anachora kwa kidole hewani jinsi habari inavyotoka kwenye gurudumu hadi kwenye kompyuta. Aliamini kuna hatua moja ambayo hakuielewa, na akiielewa atajua alikosea wapi. Mimi nilikuwa nakaa pale nimeshika kikombe cha uji, nikimwona mwanangu akijitafutia kosa katika kitabu ambamo halimo.

Nikamwambia. Ilikuwa mchana, mke wake anafua nje. Nilimweleza lile bomba lote, sensa nne na ya tano, na kwamba nilikuwa nimekwishajua tatizo kabla hajaingia kwenye gari. Hakupiga kelele. Aliniangalia kama mtu anayemsikiliza msemaji wa lugha nyingine, akingoja mkalimani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, baba, nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Nikainuka, nikatoka nje. Jibu lake nimelitengeneza mara nyingi nikiwa peke yangu. Likifika katikati, linaharibika.

Kwa Mangi nilikwenda pia, bega lake likiwa bado limefungwa. Nilitaka, nakiri, tuugawane mzigo. Alinisikiliza, akanisogezea kahawa.

"Mzee Rajabu, nimemlipia hospitali na nitaendelea kumsaidia. Lakini hilo lingine usinipe. Mimi nauza mabomba. Fundi ulikuwa wewe."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilipovuka Mnazi Mmoja hasira ilikuwa imekwisha, kwa sababu alichosema ni kweli.

Niliendelea na kazi kwa muda, na ndipo nilipojifunza yale ambayo nyinyi mnayahitaji. Gari likija na taa, spea kwanza. Literemsheni, lishikeni, angalieni valvu yake. Kifaa kikisema sensa tano, ni tano. Sensa zikiwa zimekufa au gari halizisikii, siku hizi kuna sensa tupu zinazofundishwa kwa kifaa namba za gari husika. Wekeni hizo, na kila mkifungua tairi badilisheni kampira na kijiti cha valvu, maana kijiti cha chuma kisicho chake huganda humo na siku ya kukitoa unavunja shina zima. Mwenye gari la zamani lisilo na mfumo wowote, au lile la kuhesabu mizunguko, anaweza kufungiwa vifuniko vya valvu vyenye sensa na kioo kidogo cha kuweka dashibodi, kinachochajiwa na jua. Kinaonyesha kipimo cha kila tairi peke yake, si taa moja ya kukisia. Ubaya wake ni kwamba kifuniko lazima ukifungue kila ukijaza upepo, kikikazwa vibaya kinavuja, na hapa mjini kisipofungwa kwa nati yake ya kuzuia wezi kitakuwa cha mtu mwingine kabla ya adhuhuri. Muwekeeni mteja kiwango cha kupigia kelele kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, mbele ya macho yake. Na hata akiwa na hivyo vyote, mfundisheni kugonga.

Vioo hivyo vinauzwa Kariakoo, mtaa wa pili kutoka duka la Mangi. Vilikuwepo Desemba ile. Mangi mwenyewe alikuja kufungiwa kwenye gari lake jingine. Nilimfungia, tukazungumza mambo ya mvua, akaondoka. Kahawa hatunywi tena. Hakuna aliyesema tuache, kila mmoja alianza tu kupita njia nyingine.

Mkiombwa kuzima taa na hamjajua kwa nini inawaka, kataeni. Mkiwa mmekwishajua, kataeni zaidi. Mteja atakasirika, atakwenda kwa fundi mwingine, na hapo Gerezani hatamkosa wa kumfanyia. Mwacheni aende.

Mpini wa Mzee Kibwana nimewaachia nyuma ya mlango wa chumba cha kompresa. Geji nimebaki nayo. Nilimpelekea Idrisa, akairudisha kwa mkono wa mama yake.

Ameshahamia Tanga, kwa wakwe zake, ana kibanda cha kutengeneza simu. Mama yake anakwenda kumwona na kurudi na picha za mjukuu. Nikipiga simu anapokea mkewe, ananiamkia vizuri, ananiuliza afya, na nyuma yake nasikia mkongojo ukigonga sakafu, unakwenda mbali na simu. Mguu alioupoteza ulikuwa wake, siwezi kuuhesabu kuwa hasara yangu. Iliyo yangu ni hii: nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyeamini kila nilichomwambia, na tangu mchana ule hajanisemesha.